Kwa dami anaweza, kwa mgonjwa anaharibu: mwongozo kamili wa kujua mwanafunzi wa uuguzi yuko tayari lini

Karibu kila wiki kuna muuguzi mwenzangu ananishika kwa korido ama ananipigia jioni na swali ni lile lile, huyu mwanafunzi alipita vizuri huko chuoni, kwa dami (ule mwili wa plastiki wa kujifunzia) anaweka branula (kile kimrija cha plastiki cha dripu kinachoingizwa kwa mshipa na sindano) kama anacheza, nimempeleka kwa mgonjwa ametoboa mara tatu na sasa mgonjwa hataki kuona mwanafunzi yeyote, nifanye nini? Mimi huwa namuuliza ilikuwa saa ngapi, alikuwa ametoka naiti (shifti ya usiku) ama amelala, mgonjwa alikuwa nani, na mara ya mwisho alishika dami lini. Hapo simu inanyamaza.

Mara nyingi shida si mikono ya mwanafunzi, ni saa uliyochagua. Kwa hivyo huu mwongozo hauhusu sana jinsi ya kuweka branula (hio kila mtu anaijua), unahusu ni lini umpe, na utajuaje kwamba iyo lini imefika. Nimetumia branula kama mfano kwa sababu ndio inatuletea kelele nyingi kwa wodi za huku Kisumu, lakini ukibadilisha uweke katheta ya mkojo, tyubu ya kulishia ama kusafisha kidonda kikubwa, hatua hazibadiliki.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usianze na mwanafunzi, anza na meza. Kama hivi havipo, leo si siku ya kufundisha.

- Branula za pinki (geji 20) na za bluu (geji 22), angalau mbili mbili. Kijani (18) na kijivu (16) wachia watu wa damu na theatre, mwanafunzi wa mara ya kwanza hazimhusu.
- Torniketi ya ukweli. Najua wengi wetu tunafunga mkono na glavu, mimi pia, lakini fundo la glavu halifunguki kwa mkono mmoja na mwanafunzi atasahau kulifungua akishaona damu.
- Glavu za saizi yake, si yako. Glavu kubwa inakunjana kwa kidole na hawezi kusikia mshipa.
- Swabu za spiriti, plasta iliyokatwa tayari, sirinji ya mili 5 na maji ya chumvi ya kusukumia.
- Boksi ya sindano, iliyo karibu na kitanda, na haijapita robo tatu. Boksi ikiwa mwisho wa wodi mwanafunzi atatembea na sindano mkononi, na kwa njia ndio watu hudungwa.
- Dami ama mkono wa plastiki, hata ule umechakaa wenye mashimo. Kama wodi haina, chupa ya dripu iliyoisha na kipande cha mpira wake vinatosha kumkumbusha pembe ya sindano.
- Daftari yako ndogo, mbali na logibuku ya mwanafunzi (kitabu chake cha kuwekewa sahihi kwa kila kazi amefanya). Utaona kazi yake hatua ya pili.
- Dakika 40 ambazo hakuna mtu atakuita. Hii ndio ngumu kupata kuliko zote.

## Hatua ya 1: Hesabu wiki kutoka nyuma kuja mbele

Mwanafunzi akikuletea barua ya kliniko (ya kuja kujifunza kwa wodi), angalia siku ya mwisho kwanza. Tuseme ako na wiki 4 kwa wodi yako ya watu wazima. Wiki ya 4 usiweke kitu chochote kipya, hio ni ya kurudia na ya logibuku. Wiki ya 1 pia usimpe sindano. Kwa hivyo branula yake ya kwanza inaanguka kati ya mwisho wa wiki ya 1 na katikati ya wiki ya 3, na ukijua hivyo hutapata ile presha ya Ijumaa ya mwisho ambapo wanafunzi sita wamekuzingira na logibuku kama kuku wanangoja mahindi.

Kwa nini wiki ya 1 bila sindano? Kwa sababu akili ya mtu mgeni imejaa. Anatafuta choo kiko wapi, stoo inafungwa na nani, huyu sista mkali anaitwa nani, kadi za madawa zinawekwa wapi. Ukimwongezea sindano juu ya hayo yote kitu kimoja kitamwagika, na kitakachomwagika ni usafi wa mikono ama boksi ya sindano, kwa sababu macho yake yote yako kwa mshipa.

Wiki hio mpe vaito, yaani vipimo vya kawaida. Presha, pulse, joto, kupumua. Wengi wanadharau hii kazi wakidhani ni ya kupoteza wakati, lakini mtu anayefunga kafu (ule mkanda wa kupima presha) vizuri kwa mikono 20 kwa siku tayari ameshika mikono 20 ya watu tofauti, minene, myembamba, ya wazee yenye ngozi kama karatasi, na ameshazoea kusema "mama nipe mkono" bila sauti kutetemeka. Ameshaanza kujifunza branula na hajui.

Chunga: angalia ni siku ngapi zimepita tangu afanye kwa dami. Zikizidi wiki mbili, hesabu kama hajawahi kufanya, arudi kwa dami siku ile ile ama siku moja kabla. Mkono unasahau haraka kuliko kichwa, ndio maana atakuelezea hatua zote vizuri kabisa halafu akifika kwa ngozi anashika branula kama kalamu.

Utajua hatua hii imefaulu kama ukimuuliza kitu kiko wapi anakujibu kabla hujamaliza swali.

## Hatua ya 2: Pima utayari bila kuuliza "uko tayari?"

Hili swali litoe kabisa kinywani mwako. Hakuna mwanafunzi wa Kenya atakuambia "sista, siko tayari". Ameambiwa tangu primari ajibu ndio mwalimu. Mwoga atasema ndio kwa sababu anaogopa utamwona mjinga, na yule anajiamini kupita kiasi atasema ndio kwa sababu hajui asichojua. Umepata jibu moja kutoka kwa watu wawili tofauti kabisa.

Mimi natumia mambo manne, na ninaandika kwa ile daftari yangu ndogo.

Akuelekeze wewe. Kaa kwa dami, shika branula, mwambie "mimi ni mikono yako, sema nifanye nini". Na ufanye kile amesema tu. Akisahau kusema ufungue torniketi, usifungue. Akisema "ingiza" bila kusema pembe, ingiza wima kama msumari, atashtuka mwenyewe. Njia hii imetoka kwa zile hatua nne ambazo walimu wa kliniko wanaziita za Peyton: unafanya kimya kwa mwendo wa kawaida, unafanya tena polepole ukieleza, yeye anakueleza wewe ukifanya, halafu yeye anafanya akieleza. Sisi huwa tunaruka ya tatu, na ya tatu ndio inafichua kila kitu.

Apange trei peke yake. Ondoka, rudi baada ya dakika 5. Usiangalie tu kama vitu viko, angalia vimepangwa kwa mfuatano gani. Mtu ameweka plasta mbali na mkono wake ama ameweka branula moja tu hajafikiria mambo yakienda vibaya.

Mwulize akikosa. "Umeingiza, damu haijaonekana, utafanya nini?" "Damu imetoka, mkono umeanza kuvimba, utafanya nini?" "Damu inaruka nyekundu sana kwa mapigo, hio ni nini?" Hapa ndio naamua. Mtu anayejua tu njia ya mambo kwenda sawa hayuko tayari hata kama njia hio anaijua kama wimbo.

Mwili wake. Amelala? Amekula? Nimeona kijana mrefu mzuri ameanguka kando ya kitanda saa tano asubuhi kwa sababu alitoka Nyalenda saa kumi na mbili bila hata chai, mgonjwa ndiye alimshika. Sasa mimi huuliza bila aibu, umekunywa chai? Na mtu ametoka naiti haendi kwa sindano ya kwanza, hata akilia. Pia uliza chanjo ya hepatitisi B. Ni dozi tatu, kawaida ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1 na ya tatu mwezi wa 6, na kama hajaanza hata moja usimwekee sindano yenye damu mkononi mpaka azungumze na mwalimu wake.

Akipita manne, andika tarehe. Akipita matatu bado, na usimwambie "karibu", mwambie ni gani moja imebaki na lini utaipima tena.

## Hatua ya 3: Soma saa ya wodi

Wodi iko na mawimbi kama ziwa. Kuna saa iko tulivu na kuna saa ukiingiza mtumbwi utazama, na mgeni hawezi kujua, wewe ndio unajua.

Saa moja na nusu asubuhi ni ripoti, hapo watu wawili wa shifti mbili wako kwa wodi na kila mtu anataka kwenda ama kuanza. Baadaye ni vitanda, madawa, halafu raundi ya madaktari. Kufundisha sindano ya kwanza kabla ya raundi ni kosa nililolifanya mwenyewe, na nitalisema.

Nilikuwa kwa hospitali moja, sitaitaja jina, miaka ya nyuma. Mama alikuwa anahitaji laini (branula ya kupitishia dawa) kabla daktari mkubwa afike, mimi nikaona hapa pazuri mwanafunzi wangu afanye, tutakuwa tumeua ndege wawili. Msichana alikuwa mzuri sana kwa dami. Akafunga mkono, akapata mshipa, na pale pale raundi ikaingia kwa kyubiko (kile chumba kidogo cha wodi), watu tisa, na daktari akauliza kwa sauti "hii laini bado?" Mkono wake ukaanza kutetemeka, akapitiliza mshipa, mkono wa mama ukavimba, nikamnyang'anya branula mbele ya wote. Huyo msichana hakugusa branula tena miezi mitano. Nilikuja kujua kwa sababu logibuku yake ilikuwa na sahihi za "kusaidia" tupu. Mimi ndio nilimharibu, mshipa ulikuwa pale na alikuwa ameupata.

Kwa wodi nyingi nimefanya kazi, dirisha zuri ni raundi ikiisha mpaka kabla ya wageni kuingia mchana, yaani kama saa tano hadi saa sita. La pili ni wageni wakitoka, saa nane hadi tisa. Usifundishe nusu saa ya mwisho ya shifti, kwa sababu akikosa hutakuwa na wakati wa kumrudisha, na ataenda nyumbani na lile kosa likiwa ndio kitu cha mwisho mikono yake inakumbuka.

Naiti je? Iko na utulivu, wengi wanaipenda. Kwa mara ya pili na ya tatu ni nzuri. Kwa ya kwanza hapana, kwa sababu uko peke yako na wagonjwa 30 na mambo yakiharibika kitanda cha pili hakuna wa kukushikia.

Pia angalia kalenda, si saa tu. Huku upande wa ziwa mvua ndefu za mwezi wa tatu hadi wa tano zikipita, wodi za watoto zinajaa malaria kali, mtoto anahitaji atesunati (dawa ya malaria kali) ya mshipa sasa hivi, si baada ya somo. Hio si wodi ya kufundishia mtu mshipa wa kwanza. Mpange wiki hizo awe kwa watu wazima, ama kwa watoto awe ndiye anashika mkono wa mtoto, ambayo pia ni ujuzi, muulize mama yeyote. Na mkiwa Nakuru, mwezi wa saba asubuhi baridi inaficha mishipa ya kila mtu, ngojeni jua litoke kidogo ama mfunge mkono wa mgonjwa na taulo lenye maji ya uvuguvugu dakika chache. Nilipohama kutoka Nakuru kuja Kisumu nilidhani nimekuwa stadi ghafla, kumbe ni joto tu.

## Hatua ya 4: Chagua mgonjwa, na umuulize kwa lugha yake

Mgonjwa wa kwanza anafaa kuwa mtu mzima, mwenye mshipa unaoonekana ama unaosikika vizuri, ambaye laini yake si ya kuokoa maisha dakika hii, na ambaye hana uchungu mwingi wala hasira. Mtu wa antibayotiki ya saa nane ambaye branula yake ya zamani imeziba ni zawadi.

Wasiofaa: mtoto mchanga, mtu ako shoku, mtu amepungukiwa maji sana, mkono wenye fistula ya dayalisisi (mshipa uliounganishwa kwa ajili ya kusafisha damu), mkono upande aliotolewa titi, mkono uliopooza. Naongeza wagonjwa wa seli mundu (sickle cell), ambao huku magharibi tunao wengi. Hawa wameingia na kutoka hospitali tangu utoto, mishipa imechoka, na wanajua branula kuliko mwanafunzi, hata watakuonyesha mshipa gani unafanya kazi. Mwanafunzi akae nao aulize, asiwadunge.

Sasa kuomba ruhusa. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa akubali akiwa ameelewa, lakini hata bila sheria fikiria ni mkono wako. Wagonjwa wetu humwita kila mtu mwenye koti jeupe "daktari" na mwanafunzi anaachia tu kwa sababu inasikika vizuri. Mkomeshe hapo. Aseme jina lake, aseme yeye ni mwanafunzi, na aseme sista yuko hapa kando yake. Kama mzee anaongea Dholuo na mwanafunzi ametoka Molo, usitafsiri haraka haraka ukipita, simama, ongea na mzee wewe mwenyewe, kwa heshima, na mwanafunzi asimame aone venye inafanywa. Mzee akisema hapana, ni hapana, na umshukuru kwa sauti ile ile ungemshukuru akikubali, kwa sababu kitanda cha pili wanasikiliza.

Imefaulu kama mgonjwa anaweza kukuambia kwa maneno yake nani atamdunga na kwa nini.

## Hatua ya 5: Dakika tatu nje ya pazia

Hii ni fupi lakini usiiruke. Kabla hamjaingia mkubaliane mambo matatu. Nani anaongea na mgonjwa: mwanafunzi, wewe unyamaze. Mara ngapi: kwangu mwanafunzi anajaribu mara moja, ikikataa na mgonjwa akiwa bado sawa ya pili naweza kumpa ama nikafanya mimi, lakini mgonjwa hadungwi zaidi ya mara mbili na sisi wawili, baada ya hapo tunaita mtu mwingine. Na neno la kubadilishana. Letu ni "hebu nikushikie hapo". Nikisema hivyo anaachilia polepole mimi naendelea, mgonjwa anaona watu wawili wanasaidiana. Haoni mtu amenyang'anywa.

## Hatua ya 6: Anafanya, na wewe fanya kazi ngumu ya kunyamaza

Simama upande wa mkono wake usio na sindano, karibu, ukiwa umevaa glavu pia. Si nyuma yake ukimpumulia kwa shingo.

Mikono ioshwe kwanza, na mgonjwa aone ikioshwa; dawa ya kusugua sekunde 20 hadi 30, sabuni na maji sekunde 40 hadi 60. Torniketi ikae sentimita 5 hadi 10 juu ya pale atadunga, na isizidi dakika moja, mbili ikiwa mbaya sana. Kwa mwanafunzi hapa ndio saa inakimbia, kwa hivyo atafute mshipa, afungue, apange vitu, halafu afunge tena. Spiriti ikauke yenyewe, kama sekunde 30, asipulize na mdomo (wanapuliza!), na asiguse tena pale alipopanguza.

Mdomo wa sindano uangalie juu, ngozi ivutwe na mkono mwingine, pembe kati ya 15 na 30. Damu ikionekana kwa kichumba cha nyuma, alaze branula, asonge mbele kidogo sana, milimita 2 au 3, halafu asukume plastiki peke yake sindano ikibaki. Makosa yote ya mara ya kwanza yako hapa. Anaona damu, anafurahi, anavuta sindano pale pale na plastiki bado haijaingia. Ama anaona damu, anasukuma kila kitu mbele, anapitiliza. Kwa hivyo siku moja kabla, kwa dami, mfanye arudie hio sehemu tu mara kumi: damu, laza, songa, sukuma. Usianze mwanzo kila mara, ni kupoteza branula.

Baadaye torniketi ifunguliwe, abonyeze juu ya ncha, sindano itoke iende kwa boksi moja kwa moja bila kufunikwa tena, asukume maji ya chumvi akiangalia kama panavimba, plasta, na tarehe na saa iandikwe.

Sasa wewe. Lini uongee? Akichelewa tu, hesabu moja hadi tano kichwani kabla hujafungua mdomo, mara nyingi akifika tatu anajipata mwenyewe, na kile amejikumbusha mwenyewe hakisahau. Akikwama kabisa uliza swali dogo, "mkono wa kushoto unafanya nini?", usimpe hotuba. Lakini kuna mambo ya kuingilia papo hapo bila kuhesabu: amechafua pahali pamesafishwa, anataka kufunika sindano, damu inaruka kwa mapigo, mgonjwa anasema acha, ama anatafuta tafuta ndani ya ngozi kama mtu amepoteza funguo. Hapo sema neno lenu na uchukue.

Akijidunga: sindano chini salama, aoshe na sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, asiweke jiki wala spiriti, na aende mara moja kuangaliwa kwa ajili ya PEP (dawa za kuzuia HIV). Haraka iwezekanavyo, isipite masaa 72, na ikianzishwa ni siku 28. Usimwambie "maliza kwanza hii". Mgonjwa utamaliza wewe.

## Hatua ya 7: Mrudishie kabla hajapoa

Ndani ya robo saa, kwa stoo ama kwa korido, si mbele ya kitanda na si mbele ya wenzake. Anza kwa kumwuliza yeye ameona nini. Wengi watakupa orodha ndefu ya makosa, wewe chagua moja tu. Moja aliyofanya vizuri ya ukweli, si ile ya "umejaribu", na moja ya kurekebisha kesho.

Na kesho iwe kesho kweli. Ya pili iwe ndani ya siku moja au mbili, ya tatu kabla wiki haijaisha, halafu uachie siku kadhaa umpime tena ghafla. Akikosa ile ya kwanza, arudi kwa dami siku hio hio kabla hajaenda nyumbani, hata dakika 10, alale akijua mkono wake unaweza.

Mtu aliyefaulu mara ya kwanza kwa urahisi sana ndio mimi namchunga zaidi. Mshipa wa kijana wa bodaboda unaonekana kutoka mlangoni, hata mimi nikiwa na usingizi nitauingia. Asidhani amemaliza.

## Wakiwa wengi kuliko wodi

Najua unasema haya yote ni matamu lakini nina wanafunzi 14 na branula nne. Sawa. Wagawe wawili wawili, si watano. Mmoja anafanya, mmoja anashika karatasi yenye hatua akiweka alama, kesho wanabadilishana, na huyo wa karatasi anajifunza karibu sawa na anayefanya kwa sababu kazi yake ni kuona. Wengine wawe kwa vaito na madawa. Kwa kila siku chagua wawili ambao daftari yako inasema wako karibu, si wale wanaosukumana mbele, maana yule yuko nyuma kabisa amejificha kwa kabati ya dripu mara nyingi ndiye alipita mambo yote manne juzi na hakuna mtu alimwita.

## Hatua ya 8: Sahihi ya logibuku

Tofautisha ameona, amesaidia, amefanya ukimwangalia, na amefanya vizuri bila wewe kusema neno. Weka sahihi siku ile ile kwa kile kilichofanyika, si kumi kwa mpigo siku ya Ijumaa. Kwangu "anaweza" ni tatu mfululizo, kwa wagonjwa tofauti, mimi nikiwa kimya. Hata baada ya hapo mwanafunzi wa mwaka wa pili bado nasimama nyuma ya pazia, pale anaweza kunisikia.

Na akifika wiki ya mwisho bado hajaweza, usimwekee sahihi ya huruma. Hio huruma italipwa na mgonjwa wa wodi ingine. Mwite kabla hujaandika kitu, mwonyeshe ile daftari, gani kati ya yale manne ilikataa na tarehe gani, halafu mpigie mwalimu wake akiwa amekaa hapo hapo akisikia, na muondoke mezani mkiwa na siku ya yeye kurudi kwa dami imeandikwa.